Mbwa, paka, samaki au dakika kumi na mbwa wa jirani: ukiwa na stresi uchague nini

Mdogo wangu ni nesi, amepanga chumba na sebule Kimara, na tangu mwaka jana zamu za usiku zimemzidia. Siku moja akanipigia saa mbili asubuhi sauti imekwisha kabisa, akaniambia dada mi silali, nimetoka kazini nimeoga nimepanda kitandani macho makavu, moyo unakwenda mbio kama bado niko wodini, na wenzangu wananiambia nichukue mbwa eti mbwa anatoa stresi, sasa we unayependa kusoma niambie ni kweli au ni maneno tu, na kama ni kweli nichukue mbwa, paka au hata samaki maana chumba chenyewe unakijua.

Nikamwambia nipe wiki mbili. Nikasoma kweli, na kwa kuwa mi mwenyewe nimeshafuga mbwa nikashindwa na sasa niko na paka mwaka wa sita, nikaona bora niyaandike yote, na mwingine aliye kwenye hali kama yake apate pa kuanzia kabla hajaleta nyumbani kiumbe ambacho kitaishi naye miaka kumi na zaidi.

Kwanza hiki, maana ndo kilichonibadilisha mawazo. Tafiti za wanyama na msongo wa mawazo ziko za aina mbili na watu wanazichanganya. Kuna zinazouliza mtu akimshika mnyama sasa hivi mwili wake unafanyaje, na kuna zinazouliza mtu anayefuga ana afya kuliko asiyefuga. Za kwanza majibu yake yanaelekea upande mmoja. Za pili yanagongana mpaka unachoka. Kwa hiyo mtu akikuambia mbwa anatoa stresi, muulize anamaanisha kumshika au kumfuga, manake hivyo ni vitu viwili na gharama zake ni mbali mbali kama mbingu na ardhi.

Hizi habari zilianza kidogo kidogo. Boris Levinson alikuwa mwanasaikolojia wa watoto New York, ana mbwa wake anaitwa Jingles, na siku moja mtoto aliyekuwa hafunguki kwa mtu akaletwa mapema kabla ya muda wake, akamkuta Jingles ofisini, mbwa akamfuata akamlamba na mtoto akaanza kucheza naye. Levinson akaiona, akaifuatilia, mwaka 1962 akaandika makala kwamba mbwa anaweza kuwa msaidizi wa tabibu. Wengi hawakumchukulia kwa uzito.

Aliyekuja na mashine ya presha ni Karen Allen wa Chuo Kikuu cha Buffalo. Mwaka 1991 yeye na wenzake waliwapima wanawake 45. Wanapewa hesabu za kutoa kwa kichwa, haraka haraka, mtu anasimamia, huku presha na mapigo ya moyo yanasomwa. Wapo waliofanyia hesabu nyumbani peke yao, wapo waliokuwa na rafiki yao wa karibu pembeni, wapo waliokuwa na mbwa wao. Wenye mbwa mwili haukushtuka sana. Na wenye rafiki ndo presha ilipanda zaidi ya wote, zaidi hata ya waliokuwa peke yao! Mi hapo niliweka simu chini nikakaa nikafikiri, lakini ukitulia unaelewa, rafiki anakuona ukikosea na wewe unajua anakuona, mbwa hajui kwamba mia moja arobaini ukitoa kumi na saba ni ngapi na wala hana habari.

Mwaka 2002 Allen akarudi na wanandoa, jozi 240, nusu wana paka au mbwa nyumbani, safari hii hesabu na kuzamisha mkono kwenye maji ya barafu. Wenye wanyama presha yao hata wakiwa wametulia ilikuwa chini, ikipanda haikupanda sana, na ilirudi haraka, hasa mnyama akiwa mle mle chumbani. Katikati ya hizo mbili, mwaka 2001, alichapisha ule ambao mi naupenda kuliko yote: madalali wa hisa 48, wote wana presha, wote wakaanzishwa dawa moja inaitwa lisinopril, halafu nusu yao wakapewa na mnyama juu yake. Dawa ilishusha presha ya wote wakiwa wamekaa tu. Lakini walipotiwa kwenye hali ya kubanwa, wenye mnyama presha haikuruka kama ya wenzao. Tafadhali sana, usome vizuri hapo, mnyama aliongezwa juu ya dawa, hakuna aliyeachishwa dawa akapewa paka, na wewe usijaribu.

Haya, sasa tuje kwenye kuchagua.

MBWA

Kwa ushahidi mbwa ndo amepimwa kuliko wote. Hata hapa Afrika, Johannes Odendaal, daktari wa mifugo wa Pretoria, alikaa na watu 18 na mbwa 18, akatoa damu pande zote mbili kabla na baada ya watu kuwapapasa mbwa, na homoni ya oksitosini, ile inayotoka mama akinyonyesha, ilipanda kwa mtu na kwa mbwa pia. Kortisoli, ambayo ndo homoni ya stresi, ilishuka kwa watu. Yaani mbwa naye anapata chake, si kwamba anakuvumilia tu. Wajapani wa Chuo cha Azabu wakaongeza mwaka 2015 kwamba mbwa na mwenyewe wakitazamana machoni oksitosini inapanda pande zote mbili, na walipojaribu na mbwa mwitu, wale Wazungu wanaowaita wolf, waliolelewa na watu haikutokea.

Lakini sasa angalia mbwa wetu wanavyofugwa. Mbwa wa kwetu wengi ni wa ulinzi. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa, chakula anapewa na msichana wa kazi au mlinzi, na ukimuuliza mwenye nyumba mara ya mwisho kumshika mbwa wake ni lini anakushangaa. Mbwa wa namna hiyo anakupa usingizi kwa sababu mwizi anamuogopa, na hilo si dogo kabisa kwa mtu anayekaa peke yake, lakini zile faida za akina Odendaal hazimo, kwa sababu zile zimetoka kwenye mkono juu ya manyoya. Kama unamchukua mbwa kwa ajili ya msongo wako basi ni mbwa wa kukaa naye barazani, umkune nyuma ya masikio, umuogeshe mwenyewe, utoke naye jioni.

Na kutoka naye kwenyewe kuna jambo. Waingereza wawili wa Chuo cha Warwick, McNicholas na Collis, walichapisha mwaka 2000 kwamba mtu akitembea na mbwa watu asiowajua wanamsimamisha wanaongea naye, hata akiwa amevaa ovyo, na kwa nchi ambayo mtu anaweza kupanda basi mwezi mzima bila kusalimiwa naona hiyo ni faida kubwa sana. Kwetu ni kinyume. Pita na mbwa uswahilini uone, watoto wanakimbia, mama wa watu anavuka upande wa pili na ndoo yake kichwani, bodaboda wanakupigia kelele umshike. Salamu kwetu unazipata bila mbwa, ukiwa na mbwa ndo zinapungua. Kwa hiyo faida ya mbwa kukuletea watu mi naiondoa kwenye hesabu kama unakaa sehemu za kwetu, nabakiza kutembea. Kutembea ni kuzuri peke yake.

Kuna na dini, na hili nalisema kwa heshima maana wifi yangu wa Tanga ni muislamu na tumeliongea sana. Kwa watu wa pwani wengi wanaofuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa ni najisi, chombo au nguo iliyoguswa inaoshwa mara saba na moja kwa udongo, na mbwa anaruhusiwa kwa ulinzi, mifugo na kuwinda. Sasa mtu ambaye kila akilambwa mkono anawaza udhu na nguo ya kuswalia, huyo mbwa atamuongezea mzigo badala ya kumpunguzia. Wifi yangu aliniambia kwa kifupi tu, wifi mi wa kwangu ni paka, tena Mtume alishasema paka si najisi. Basi, na hilo ni jibu kamili.

Mi nilimfuga Bobi. Nilimchukua wa miezi miwili, mweusi na kidoa cheupe kifuani, nilikuwa nimetoka kwenye msiba na nilikuwa nataka kitu cha kunipokea mlangoni. Naondoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa moja usiku. Bobi akawa analia mchana kutwa, wapangaji wenzangu wakaanza kuninunia, mmoja akaniambia usoni mtoto wake hapumziki, nikawa kazini nawaza mbwa na nyumbani nawaza majirani, na usiku nikifika nimechoka yeye ndo anataka kucheza, anauma pindo la gauni langu ananivuta. Miezi mitano. Mwisho mjomba akamchukua Korogwe, kule kuna uwanja na mbuzi, alifurahi nikalia njia nzima ya kurudi. Wala kosa si la Bobi, mi nilichukua mbwa wa kunitunza wakati sina muda wa kumtunza. Mbwa mdogo ni kama mtoto mchanga kwa mwaka wa kwanza, na mtu aliyeelemewa anaongezewa uzito kabla hajaanza kupata faida.

Na usiniruke hapa: chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama 59,000 wanakufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi ni Afrika na Asia, na karibu wote wameupata kwa mbwa. Ukiumwa na mbwa, hata kama ni wako, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kuona mbwa atafanyaje, maana dalili zikishatoka kwa mtu hakuna cha kumponya.

PAKA

Paka kwenye tafiti anaonewa kidogo, kapimwa mara chache kuliko mbwa na matokeo yake ni ya upole upole kama mwenyewe. Dennis Turner na wenzake wa Zurich waliangalia hali za moyo za watu wanaokaa na wenza na wanaokaa na paka, wakakuta paka hamuongezei mtu furaha, ila anampunguzia zile hali mbaya, na kwa upande huo wa kupunguza ubaya yuko karibu sawa na mwenza wa kibinadamu. Mi nikisoma nikasema ndiyo, ndo paka wangu huyu. Chiku hajawahi kunifanya niruke kwa furaha. Lakini kuna zile jioni umerudi umekaa gizani hata taa hujawasha, anapanda taratibu, ananusa kidevu, anaanza kukandakanda kifua kwa miguu ya mbele kama mtu anakanda unga wa chapati, kushoto kulia kushoto kulia, halafu anajikunja anakoroma, na mkoromo wake unausikia kwenye mbavu kabla ya masikio. Baada ya muda nagundua napumua pole pole. Ubaya haujaisha ila umekaa mbali kidogo.

Kwa maisha ya mjini paka anashinda kwa mbali. Chumba kimoja kinamtosha, halii mchana ukiwa kazini, zamu ya usiku haimsumbui maana na yeye ni mtu wa usiku, dagaa na wali anakula, mwenye nyumba hana neno, na panya wanahama. Usilidharau hilo la panya, mtu asiyelala kwa sababu kuna kitu kinatafuna darini usiku kucha, kwake paka ni dawa ya moja kwa moja kabisa. Na pwani nzima, Lamu, Zanzibar, Tanga, paka ni wa mtaa mzima, wanakula vichwa vya samaki pale wavuvi wanapoparua, hushangai kumkuta barazani kwa mtu asiyemjua.

Ubaya wake: hashikiki kwa lazima. Mbwa ukimuita anakuja, paka anakuja akitaka, na kuna siku unamhitaji yeye yuko juu ya bati kwa jirani. Kuna watu hilo linawaumiza, mtu ambaye tayari anahisi hatakiwi na watu halafu paka naye anamgeuzia mgongo. Mtu wa hivyo mi nisingempa paka. Kuna pumu na mzio wa manyoya, ukishika paka macho yakawasha na kifua kikabana usijilazimishe. Na mjamzito asisafishe choo cha paka, mtu mwingine afanye, kuna vijidudu vya toksoplasma kwenye kinyesi ambavyo vinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

SAMAKI

Samaki humshiki, unamwangalia, na bado kuna kitu. Tangu mwaka 1984 Aaron Katcher na wenzake Marekani waliwaketisha watu mbele ya tangi la samaki kabla ya kung'olewa meno na wasiwasi ukapungua. Mwaka 2015 Deborah Cracknell akapata nafasi adimu pale Plymouth, Uingereza, tangi kubwa la maonyesho lilikuwa linajazwa upya kidogo kidogo, akawapima watu waliosimama mbele yake likiwa na maji tu, likiwa na samaki wachache, likiwa na wengi. Hata maji matupu yalituliza, lakini samaki walivyoongezeka mapigo ya moyo yalizidi kushuka na watu walikaa muda mrefu zaidi wakitazama.

Kwa mtu ambaye kichwa chake hakinyamazi naona samaki ni wazo zuri sana, macho yanapata kazi na mdomo unapumzika. Ila tangi la nyumbani linataka umeme wa pampu, linataka maji yabadilishwe kwa mpangilio, na umeme ukikatika usiku mzima asubuhi unawakuta wanaelea, na mtu mwenye sonona kukuta vifo asubuhi si jambo la kuchezea. Kama unakaa karibu na bahari au ziwa, nenda ukae. Bure.

SUNGURA, KUKU NA WENGINE

Kuna utafiti mmoja mdogo wa Tel Aviv, wa mwaka 2003, nautajia watu kila nikipata nafasi. Shoshana Shiloh na wenzake waliwaonyesha watu 58 buibui mkubwa mwenye manyoya wakawaambia huenda wakaombwa kumshika, basi watu wakapatwa na wasiwasi kama ilivyokusudiwa, halafu wengine wakapewa sungura wa kumpapasa, wengine kobe, wengine sungura wa kuchezea, wengine kobe wa kuchezea. Waliopapasa mnyama hai wasiwasi ulishuka, na kobe mwenye gamba gumu alifanya kazi sawa na sungura laini. Midoli haikufanya kitu. Na haikuwa kwa wapenda wanyama peke yao. Kwa hiyo kumbe ulaini si siri, siri ni kwamba kile kitu ki hai na kiko chini ya mkono wako.

Sungura basi kwa nyumba yenye watoto nampa alama nyingi. Na kama una mtoto mwenye usonji, Marguerite O'Haire na wenzake Australia mwaka 2013 waliona watoto wenye usonji wakiwa na simbilisi wawili mezani waliongea zaidi, waliwaangalia wenzao zaidi, walicheka zaidi kuliko walipowekewa midoli. Simbilisi ni wadogo, wanakula majani, hawaumi ovyo.

Kuku wa uani sitasema mengi. Bibi yangu alikuwa anasema kuku ndo wanaomtoa kitandani, na kwa mzee aliyeachwa peke yake ile kuwa na kiumbe kinachokungoja asubuhi kina njaa ni jambo kubwa. Wakorea walifika hata kwenye nyenje, mwaka 2016, wazee 94 wakagawanywa, nusu wakapewa nyenje watano kwenye kitundu wawatunze kwa wiki nane, na sonona ikapungua, si sana, lakini ilipungua.

KUAZIMA

Hapa ndo nilikuwa napaelekea tangu mwanzo. Patricia Pendry wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington aliwachukua wanafunzi 249 kipindi chuo kinawaelemea, akawagawa kwa bahati nasibu makundi manne. Wa kwanza wanacheza na paka na mbwa dakika kumi. Wa pili wanasimama foleni wanawaangalia wenzao wakicheza. Wa tatu wanaonyeshwa picha za wanyama hao hao. Wa nne wanasubiri tu. Halafu wanapimwa kortisoli kwenye mate. Waliowashika ndo kortisoli ilikuwa chini kuliko wote. Dakika kumi tu, na wanyama si wao, hawajui jina, hawajawanunulia hata dagaa. Ulichapishwa 2019.

John-Tyler Binfet wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, akafanya unaofanana na huo, wanafunzi 284, mbwa wa kushika, mbwa yupo ila humshiki, au mwenye mbwa peke yake bila mbwa. Makundi yote yalipata nafuu fulani, hata kukaa na mtu mwema bila mbwa kunasaidia, lakini walioshika mbwa ndo walipata nafuu kwenye kila kipimo, msongo, upweke, kukumbuka nyumbani, vyote.

Sasa weka hayo pembeni ya tafiti za kufuga. Mwaka 1980 Erika Friedmann na wenzake walifuatilia wagonjwa wa moyo 92 kwa mwaka mmoja, kati ya 53 wenye wanyama walikufa 3, kati ya 39 wasio na wanyama walikufa 11, dunia nzima ikashika hiyo mpaka leo. Mwaka 1995 Friedmann akarudia na watu wengi zaidi, mbwa akaonekana kusaidia, paka hapana. Halafu Australia mwaka 2005 wakawauliza watu 2,551 wa miaka 60 hadi 64, na wenye wanyama ndo walikuwa na dalili za sonona zaidi kidogo. Hal Herzog, mwanasaikolojia wa Western Carolina aliyetumia maisha yake kwenye hayo mambo, aliandika 2011 kwamba hilo la kufuga kuleta afya bado ni dhana inayosubiri kuthibitishwa, na yeye mwenyewe anapenda wanyama. Mi naona maelezo yake ni rahisi. Kumshika mnyama kunampa kila mtu kitu kile kile. Kumfuga kunaleta na kodi, na kinyesi, na majirani, na daktari wa mifugo, na siku ya kumzika, na hayo kila nyumba ina yake.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo nachagua nini, swali langu la kwanza ni je, kuna mbwa au paka mpole wa mtu unayemjua, mwenye chanjo, ambaye unaweza kukaa naye dakika kumi mara tatu kwa wiki? Kama yupo anza hapo. Fanya mwezi. Ukiona mwezi umeisha na wewe ndo unamkumbuka yeye, si kwa stresi ila kwa yeye, basi fuga. Mwenye uwanja, anayekaa nyumbani muda mrefu, anayehitaji kitu kimtoe nje, mbwa. Mpangaji, wa zamu, mwenye kuswali, anayependa kimya, paka. Asiyetaka kugusa, samaki au ufukwe. Mwenye watoto, sungura.

Na kuna hali ambayo hakuna mnyama wa kuchagua. Kama wiki mbili na zaidi hulali, huoni maana, chakula hakipiti, au umewaza kujidhuru, nenda hospitali, Muhimbili wana idara ya akili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari, na hospitali za mkoa wanakupokea pia. Na usichukue ule utafiti wa rafiki na hesabu ukasema basi watu hawasaidii. Rafiki aliyekaa anakuangalia ukikosea si sawa na mtu aliyekaa kukusikiliza. Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani wakae na watu kwenye benchi nje ya zahanati wawasikilize, na mwaka 2016 matokeo ya watu 573 yalichapishwa, waliokaa na wale mabibi dalili zao zilishuka kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hizo zimefika mpaka Zanzibar. Paka hawezi kukuuliza jana ulikula nini.

Mdogo wangu nilimsomea hayo yote kwenye simu, akanyamaza, halafu akasema dada, mama mwenye nyumba ana Popi. Popi ni mbwa wa rangi ya mchanga, mzee, sikio moja limelala. Nikamwambia muulize kadi ya chanjo kwanza. Akaiona, ina mhuri wa mwaka huu. Sasa akitoka zamu hapitilizi chumbani, anakaa barazani viatu vya kazini bado viko mguuni, Popi anakuja anaweka kichwa chote kizito juu ya goti lake na kufumba macho, na mama mwenye nyumba anampitishia chai ya rangi bila kumsemesha. Pia amemfuata matroni wakaongea kuhusu zamu, wamempunguzia mbili kwa mwezi, na hilo nalo limo.

Juzi nikampigia saa mbili asubuhi kama ule muda aliokuwa ananipigia yeye. Simu ikaita mpaka ikakata. Saa tisa mchana ndo akanirudia, dada samahani, nilikuwa nimelala.